Pini Iliyobaki Jikoni

Kazi ya Remigius Hhando ni kuzuia vitu visingojane milele. Ukimwuliza mtu wa Ganako, kijijini kwao, atakuambia Remi anatengeneza kompyuta, na akiwa mkweli zaidi ataongeza kwamba hajawahi kumwona akitengeneza hata moja. Humwona tu amekaa kwenye chumba cha nyuma ya duka la madaftari, pale Karatu mjini, ameikodolea macho skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Baada ya saa tatu anafuta mstari mmoja, anajinyoosha, anakwenda kula. Shemeji yake Brigita, mke wa kaka yake, aliwahi kusema kwamba hata paka wake anajituma kuliko hivyo, maana paka angalau hutoka nje.

Lakini kazi ipo, na tusimwonee. Ndani ya kila kompyuta na kila simu kuna programu moja iliyo chini ya nyingine zote, na mafundi wake huiita kiini. Kiini ndicho mgawaji: nani atumie kumbukumbu sasa, nani azungumze na antena, nani asubiri. Wanaotaka kugawiwa ni mamia kwa wakati mmoja, wote wana haraka na wote hujiona wa maana. Wawili wakiandika mahali pamoja kwa mpigo, wanaharibiana. Kwa hiyo huwekwa kufuli. Anayetaka kuandika hushika kufuli kwanza, akimaliza huliachia, naye mwingine hushika. Remigius ni fundi wa makufuli hayo. Alisomea Arusha, akafanya kazi huko miaka sita, na baba yake alipofariki akarudi nyumbani, akaendelea na kazi ileile akiwa mbali. Kampuni inayomwajiri ni ndogo, inatengeneza visanduku vya kufungwa kwenye magari ya watalii. Kisanduku huonyesha gari lilipo, na kina kitufe chekundu cha kuomba msaada.

Sasa tumwache hapo kwenye kiti chake, kwa sababu mambo yake hayaeleweki bila marehemu baba yake.

Mzee Hhando alikuwa na trekta kuukuu na plau ya magurudumu inayokokotwa nyuma. Kati ya trekta na plau kulikuwa na pini moja ya chuma, ndefu kama shubiri, nene kama kidole gumba cha mtu mnene. Bila pini hiyo trekta ni kelele tu, na plau ni mahali pa kuku kulala. Mzee hakuiacha kwenye trekta hata siku moja. Aliitundika jikoni kwa mkewe Martha, kwenye msumari kando ya mlango. Mwanawe yeyote aliyetaka kulima ilibidi afike jikoni, aamkie, achukue pini, na kuirudisha imefutwa udongo. Ukikuta msumari mtupu, ujue mwenzako yuko shambani. Unakaa. Martha anakupa chai, na kama una bahati mbaya anakupa na maharage ya kupukuchua. Hata tela la kubebea mavuno lilivutwa kwa pini hiyohiyo, kwa hiyo mmoja akisomba mahindi, hakuna anayelima. Majirani walicheka sana. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatumia kwa ng'ombe.

Alipoona mwisho umekaribia aliita wazee na kugawa mali. Trekta alimpa Hilary, mkubwa. Plau alimpa Remigius, mdogo. "Ili msiachane," alisema. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaona hapo hekima imefika kilele. Habari ya pini hakuitaja, na hakuna aliyemwuliza.

Remigius ndiye aliyeiona pini, na aliiona kwa jicho la msomi. Msimu wa kwanza baada ya msiba alikaa jikoni kwa mama yake siku mbili nzima, anapukuchua maharage, anasubiri Hilary amalize kusomba mawe kwa tela. Na plau yake wakati huo ilikuwa imesimama bure! Leonce jirani alikuwa na trekta isiyo na plau, angeweza kuitumia. Roho ilimuuma. Hiki ndicho kitu alichokuwa akikiondoa kwenye viini vya kompyuta tangu atoke chuoni: kufuli moja kubwa lililofunga kila kitu, wakati kila kitu kingeweza kuwa na kufuli lake.

"Kaka," alimwambia Hilary, "hii pini ndiyo inayotuchelewesha." Akageuza kalenda ya parokia, akachora nyuma yake. Mduara huu trekta, mduara huu plau. "Wewe uwe na pini yako, uvute tela lako. Mimi niwe na yangu, plau iende hata kwa Leonce. Tukitaka kulima wenyewe, tunaunganisha. Kwa nini kila kitu kipitie jikoni?"

Hilary huheshimu elimu pale inapokubaliana naye. Siku ileile walikwenda duka la vyuma mjini, kila mmoja akarudi na pini mpya inayong'aa. Walimweleza mama yao jinsi mambo yatakavyokwenda haraka. Martha alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa," na pini ya zamani akairudisha kwenye msumari wake.

Mwaka huo mambo yalikwenda vizuri hata Remigius akaanza kutembea kifua mbele. Trekta ilisomba, plau ililima kwa Leonce, na wao wenyewe walilima siku tofauti. Mwaka uliofuata, Jumanne moja ya mwezi wa pili, wote wawili waliangalia mawingu juu ya msitu wa Ngorongoro wakaona ndiyo siku. Hilary akawasha trekta. Remigius akaipaka plau grisi. Kisha kila mmoja akampigia mwenzake.

"Nimeshawasha, Remi. Leta plau."

"Na mimi niko tayari, kaka. Leta trekta. Nikimaliza kwangu unaondoka na vyote."

"Tangu lini trekta ikaifuata plau? Plau ndiyo huifuata trekta."

"Sasa plau nikuletee na nini? Niibebe kichwani?"

Hapo ndipo walipokwama, na walikwama barabara. Hilary aliishikilia trekta akingoja plau, Remigius aliishikilia plau akingoja trekta, na kila mmoja alikuwa na haki yake mfukoni pamoja na pini yake. Mvua ilinyesha. Trekta ya Leonce ilikuwa imekwisha kufa injini, kwa hiyo walikodi za watu wengine, wakapanda kwa kuchelewa, mahindi yakatoka mafupi kama yaliyoona aibu. Mwaka uliofuata wakarudia vilevile, sasa kwa kununiana. Wakikutana kanisani waliulizana habari za watoto na kujibu kwamba ni njema, kisha kila mmoja akashika njia yake. Na mwaka huu, wa tatu, trekta zote za kukodi zilikuwa zimekwenda kwenye mashamba makubwa ya ngano, redio ilikuwa imetangaza kwamba mvua itawahi, na mashamba ya wana wa Hhando yalikuwa magumu kama sakafu. Yasipolimwa wiki hiyo, hawapandi kitu.

Ni wiki hiyohiyo kisanduku kilipoanza kuganda.

Kwanza alilalamika Metui, dereva wa watalii, Mmaasai mwenyeji wa Ngorongoro, ambaye hulalamika kwa upole kiasi kwamba unaweza kudhani anakusifu. "Kisanduku chako kizuri sana," alisema. "Mjini kinafanya kazi, barabarani kinafanya kazi. Nikianza kushuka Kreta, kule bondeni kwa wanyama, kona ya tatu, kinakufa. Nikipata shida kule chini na kitufe chekundu kimekufa, nitapiga filimbi?"

Remigius alipanda naye gari. Nyuma walikaa watalii wawili, mume na mke, waliomheshimu sana wakidhani ni mtafiti. Walishuka. Simba watatu walikuwa wamelala kando ya njia, yule mke mtalii akashika mdomo kwa mshangao, na Remigius hakuinua kichwa. Alikuwa akikitazama kisanduku. Kona ya tatu, taa ya kijani ilizimika. Akashangilia peke yake kwa kuliona kosa, jambo lililowafanya watalii wale waanze kumtazama yeye badala ya simba.

Walipokuwa wakipanda kutoka, alimweleza Metui. Ndani ya kisanduku kuna kazi mbili. Moja inashughulika na mtandao: hushika kufuli la antena, na mtandao ukipotea hutaka kufuli la kumbukumbu ili ihifadhi ujumbe ambao haujatumwa. Nyingine inashughulika na mahali gari lilipo: hushika kufuli la kumbukumbu, huandika, kisha hutaka kufuli la antena ili itume. Mjini hazikutani. Kwenye kona ile mtandao unakatika ghafla, na zote mbili zinaamka kwa mpigo. Ya kwanza imeshika antena inangoja kumbukumbu. Ya pili imeshika kumbukumbu inangoja antena.

"Na inayoachia ni ipi?" Metui aliuliza.

"Hakuna. Zitangojana mpaka betri iishe."

"Kwa hiyo mjinga ni nani hapo?"

"Hakuna mjinga. Kila moja inafuata utaratibu wake vizuri kabisa."

Metui alikata kona mbili. "Kumbe ni wewe na Hilary," alisema.

"Hilo ni jambo tofauti," Remigius alijibu kwa ukali. Karatu nzima, kumbe, walikuwa wanajua.

Ofisini alifungua kumbukumbu za mabadiliko ya programu, mahali panapoandikwa kila mstari uliingizwa na nani na lini. Zamani kisanduku kilikuwa na kufuli moja tu la vyote. Kuna mtu aliyeligawa kuwa mawili ili kuongeza kasi, tena aliandika maelezo marefu ya kujisifu. Remigius alikwisha kuandaa maneno ya kumwambia mtu huyo. Akashuka mpaka kwenye jina. Remigius Hhando, miaka mitatu iliyopita, siku nne baada ya kununua pini.

Kisha akafanya kazi, kwa sababu kazi ni kazi. Njia ya kwanza aliyojaribu ilikuwa ya kiungwana: kila kazi ikikosa kufuli la pili, iachie la kwanza, ipumzike kidogo, ijaribu tena. Ilikuwa balaa. Zote mbili ziliachia pamoja, zikapumzika pamoja, zikajaribu pamoja, zikakosana pamoja, mamia ya mara kwa sekunde. Kisanduku hakikuganda tena, ila kilipata moto na hakikutuma chochote. Akaiacha. Njia ya pili ni ya vitabu: kila kazi, iwe ipi, ishike antena kwanza na kumbukumbu baadaye. Utaratibu mmoja kwa wote, basi. Akaandika juu yake maelezo mafupi: "Si hoja ianze ipi, mradi zote zianze na ileile." Alijisikia vizuri sana. Ndipo alipochukua simu na kumpigia kaka yake.

"Kaka, nimepata dawa. Tuwe na utaratibu mmoja. Anayetaka kulima, mimi au wewe, aanze na plau. Akishaishika ndipo aguse trekta."

Hilary alifikiri. "Kwa hiyo kila mwaka naanza kwa kuja kwako kuomba."

"Si kuomba, ni utaratibu. Si hoja ianze ipi."

"Si hoja? Basi ianze trekta."

Na Remigius, aliyekuwa ameandika maneno yale kwa mkono wake nusu saa iliyopita, aligundua kwamba ilikuwa hoja kabisa. Hakutaka kuanza na trekta. Alikata simu kwa kusingizia mtandao.

Usiseme hana moyo, kwa maana asubuhi yake alipiga moyo konde. Alitazama mawingu, akatazama shamba, akajiona mpumbavu, akasema basi, naachia mimi. Alimwomba Leonce pikapu yake, wakafunga plau kwa pini mpya, wakaikokota kwa njia ya juu inayopita kanisani, polepole, mpaka uani kwa Hilary. Hilary hakuwepo. Brigita hakuwepo. Aliiacha plau chini ya mti wa grivilea, akaondoka amejaa furaha ya mtu aliyefanya jambo kubwa na hakutaka shukrani, ingawa alitumaini kuipata.

Kwake alikuta trekta. Ilikuwa imesimama mlangoni, ufunguo umo. Hilary naye alikuwa amepiga moyo konde, akaileta kwa njia ya chini, ya korongoni, Brigita ameketi juu ya tairi akimwambia hili alipaswa kulifanya miaka miwili iliyopita.

Walipigiana simu, na safari hii ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu walikuwa na adabu. "Anza wewe, kaka, wewe ni mkubwa." "Hapana, mdogo wangu, lima wewe, trekta si iko kwako." "Lakini plau iko kwako." "Basi nitakuletea." "Usijisumbue, ninakuletea mimi." Na kweli, kila mmoja alitimiza neno lake. Kesho yake Remigius alipeleka trekta kwa njia ya juu, na Hilary akaileta plau kwa njia ya chini, ikivutwa na ng'ombe wanne wa Leonce. Jioni kila kitu kilikuwa kimerudi kilikotoka, Leonce alikuwa amechoka kuliko wote, na hakuna hatua moja ya shamba iliyolimwa. Tone la kwanza la mvua lilimdondokea Remigius puani akiwa anaitazama plau yake. Alikifahamu alichokuwa akikitazama. Alikuwa amekiona ofisini, kikipata moto.

Siku ya tatu alfajiri ilipambazuka kavu, na alikwenda kwa mama yake. Alitaka kumshtaki Hilary, ingawa hakuwa na hakika kosa lake ni lipi. Njiani alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuingia jikoni mle. Hakumtupa mama yake, la. Kila Jumapili alimsalimia nje ya kanisa, na sukari alimtumia kwa mtu. Ila tangu pini zile mbili zinunuliwe hakuwa na sababu ya kufika jikoni.

Martha alikuwa anakoroga uji. "Karibu," alisema, kama aliyemwona jana. Remigius alikaa kwenye kigoda chake cha zamani. Macho yakaenda kando ya mlango, na pale kwenye msumari palikuwa na pini ya baba yake, inang'aa. Haikuwa na kutu hata chembe.

"Aayo," aliita, kama Wairaqw, watu wa kabila lake, wamwitavyo mama, "hii nani anaipaka mafuta?"

"Mimi. Kila ikikaribia mvua. Nilijua mtaikumbuka mkichoka."

Kabla hajajibu, mlangoni paliingia giza. Hilary alikuwa amesimama hapo, amekuja kumshtaki Remigius. Walitazamana. Wote wawili wakaitazama pini. Hakuna aliyehitaji kuchora kitu nyuma ya kalenda.

"Mpe Remi," Hilary alisema.

"Hapana, mpe kaka," alisema Remigius.

"Pini haina adabu," Martha alisema. "Aliyeingia kwanza ndiye anayechukua. Mwingine akae, kuna maharage."

Remigius aliishika. Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka. Akiwa mlangoni alikumbuka jambo jingine, jambo ambalo enzi za baba halikuhitaji kukumbukwa: aliyechukua pini asubuhi alianza na kipande cha mama, hapo nyuma ya jiko, kwa vile ndipo pini ilipotoka. "Nianze na chako, Aayo?"

"Changu nimeshalima."

"Nani alikulimia?"

Martha alionyesha kwa kichwa. Nyuma ya mlango lilisimama jembe la mkono, mpini wake umelainika kwa kushikwa. "Mwaka wa kwanza niliwangoja," alisema, na akaendelea kukoroga. "Mwaka wa pili sikuwangoja."

Walitoka nje wakaangalia. Kipande chote kilikuwa kimelimwa, matuta yamenyooka, mashimo ya mbegu yamepimwa kwa kamba. Lilikuwa ndilo shamba pekee la ukoo wa Hhando lililokuwa tayari. Miaka mitatu wao wawili walipigania nani atangulie, na mtu wa tatu, ambaye hakushika trekta wala plau, hakuna aliyemkumbuka. Katika ufundi wa viini jambo hili, la kazi moja kukosa zamu milele, lina jina lake na sura yake kwenye vitabu, na Remigius aliwahi kulifundisha. Aliona haya, haya ya kweli, ya kuchoma masikio. Hilary alikuwa anafuta uso kwa kofia.

Remigius alilima siku hiyo na nusu ya kesho, akairudisha pini imefutwa. Hilary akaichukua. Siku hizo, ingawa hakuwa na cha kusubiri tena, Remigius alikaa jikoni na kompyuta yake magotini, akipukuchua maharage kwa mkono mmoja, akaondoa utaratibu wake wote wa vitabu na kurudisha kufuli moja kwenye kisanduku. Vijana wa kampuni kule Arusha walimwandikia kwamba sasa kimekuwa kizito kidogo. Aliwajibu kwamba ni kweli. Metui amekwisha kushuka Kreta mara arobaini tangu siku hiyo, na kona ya tatu taa ya kijani bado inawaka.

Mvua ilifika Jumamosi mchana, Hilary akiwa amebakiza pembe moja ya shamba lake, na trekta ikazama kwenye tope. Ndugu wawili walichukua majembe ya mkono wakaimalizia. Walikuwa bado wanabishana kwa adabu nani aanzie upande upi, wakati Martha alipofika na la kwake, akajitanda kanga kichwani, akachagua mstari, akalima. Alipofika mwisho wa mstari wake, wao walikuwa katikati. Aligeuka akaanza mwingine, hakumngoja mtu.